Jiko la kauri na mafundi wa Shauri Moyo

Wazo la jiko la kauri la Kenya lilitoka Thailand. Jiko la huko lina umbo la ndoo na ndani limezungushiwa udongo uliochomwa kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Mfano wake ulipojaribiwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kasoro zilijitokeza: zito, udongo unapasuka, na kwa kuwa kitako ni chembamba kuliko mdomo, ukisonga ugali linayumba.

Dawa ikawa kiuno. Bati likabanwa katikati, chini pakapanuliwa, na chungu, yaani ule udongo uliochomwa unaoshika mkaa, kikabaki nusu ya juu tu, na matundu ya kupitisha hewa na majivu. Likitengenezwa vizuri, hupunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu.

Mbona kazi ya kutengeneza majiko haya ikashika Nairobi, katika mitaa ya Shauri Moyo na Kamukunji? Kwa sababu mapipa chakavu yanauzwa hatua chache kutoka kwa fundi. Huyu anakata bati, yule anakunja, mwingine anatia miguu na vishikio. Chungu kinatoka kwa mfinyanzi. Mguu ukilegea, mteja anarudi na lawama zake kesho yake asubuhi. Tena kazi inafanyika nje, juani, kwa hiyo kipimo kizuri cha jirani unakiona ukipita. Kwa hiyo kujenga mabanda mapya mbali na chuma chakavu na wateja, kisha kuyaita kituo cha ubunifu, ni kujenga mabanda tu.

Ila kuigana kuna gharama. Umbo linaibika kwa macho, lakini kazi ya mfinyanzi haionekani. Udongo usipokauka polepole kivulini, chungu kinapata nyufa hata kabla ya tanuru; moto ukiwa hafifu, kinamomonyoka jikoni. Halafu kuna kiungio kinachoshikanisha chungu na bati: simenti huchanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayostahimili joto, kwa maana bati likipata moto hutanuka kuliko udongo, na mchanganyiko huo huacha nafasi ya kupumua. Anayebana senti hutia simenti tupu, chungu kikabanduka au kupasuka. Na hata kiungio kizuri kikiwashiwa moto kikiwa kibichi, mvuke hukitoboa.

Ukinunua, gonga chungu kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva hulia, kilicho kibichi au chenye ufa hutoa sauti butu.