Kaseti ya Brothers in Arms: wiki ya tatu

Kazi ya kuihamishia kaseti hii kwenye kompyuta inasonga: deki ya kuipigia imezunguka, hatimaye. Mpira wake wa ndani ulikuwa umelegea kama tambi zilizopitiliza jikoni, na wiki mbili nzima nimeranda Kariakoo nikiuulizia. Vijana wa maduka ya simu wananiambia, "Mzee, si upakue tu?" Aliyeniokoa ni fundi wa rika langu, aliyetoa chini ya meza kopo la maziwa limejaa mipira ya redio zilizokufa. Tukajaribisha mmoja mmoja hadi ukapatikana wa kukaa.

Hedi, ile sehemu inayousoma utepe, nimeisugua kwa spiriti. Kaseti nayo ilikuwa imepoteza ile sponji ndogo inayougandamiza utepe kwenye hedi, kwa hiyo nimeng'oa ya kaseti ya mahubiri ya shangazi. Asijue.

Kaseti ni ya dakika 60. Kaka yangu alinirekodishia kibandani Magomeni mwaka 1992, na mwenye kibanda akaandika kwa biro ubavuni: DAYA STRETI, yaani bendi ya Dire Straits. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Albamu yenyewe ilitoka 1985. Mark Knopfler, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo, na wenzake waliirekodi kisiwani Montserrat kwa mitambo ya dijitali, na sifa yake kubwa duniani ilikuwa usafi wa sauti. Mimi imenifikia kupitia betri ya gari.

Hilo la betri nimelibaini juzi. "Walk of Life" ina dakika 4 na sekunde 12, lakini kwenye kompyuta yangu ilikwisha ikiwa na 4 na sekunde 3. Nikailaumu deki. Nikaweka kaseti nyingine ya dukani, ikaenda sawasawa. Nikarudi kupima wimbo kwa wimbo: wa kwanza umezidi mwendo kidogo tu, wa mwisho unakimbia kabisa. Ndipo nikakumbuka kuwa 1992 ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, na pale kibandani nyaya zilikuwa zinaingia kwenye betri chini ya benchi. Betri ikiisha, mashine ya kurekodi inapunguza mwendo. Ukija kupiga utepe huo kwenye deki nzima, muziki unakimbia. Kumbe ndiyo maana nilipojifunza gitaa nilikuwa nakaza nyuzi kupita kiasi ili nilingane na kaseti, na kila nikikaa na wenzangu naonekana sina sikio. Miaka thelathini na zaidi nimebeba lawama ya betri.

Kuna la pili. Upande A unakatika katikati ya "Why Worry". Maneno yameshakwisha, gitaa na kinanda vinabembeleza taratibu, halafu *klak*. Kwa muda mrefu niliamini ndivyo wimbo unavyoisha. Hesabu imenionyesha kitu: kwenye santuri nyimbo kadhaa zilifupishwa, upande wa kwanza una dakika 25 na ushee, ungeenea bila shida kwenye dakika 30 za upande wa kaseti. Kwenye sidii nyimbo hizo tano zinafika karibu dakika 33. Basi yule jamaa wa Magomeni, mwaka ule, gizani, alikuwa na sidii! Namvulia kofia.

Nyumbani kwetu muziki ulikuwa dansi la Sikinde na Msondo, baba hakuruhusu kingine sebuleni. Nadhani ndiyo sababu Knopfler alinishika mimi na si hao wa kupiga kelele. Anacharaza kwa vidole vitupu, na gitaa lake linasubiri mwimbaji amalize sentensi ndipo lijibu, kama gitaa la solo la dansi linavyomjibu mwimbaji. Sikiliza "Brothers in Arms" yenyewe: anaimba mstari kwa sauti ya mtu aliyechoka, gitaa linaumalizia. Baba alipita siku moja nikiisikiliza, akasimama mlangoni, akasema, "Huyu anajua kungoja." Hakuongeza neno, akaenda zake msikitini.

Mwendo nitausahihisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, wimbo mmoja mmoja, kwa kuwa kila mmoja una kasoro yake. Nakala moja nitaiacha inakimbia vilevile.

Jana usiku nimesikiliza "Why Worry" hadi mwisho kwenye simu. Hizo dakika karibu mbili nilizonyimwa ni nzuri, zinafifia polepole. Sikuzibandika kwenye faili. Pale kwenye *klak* mkono wangu uliinuka wenyewe kwenda kugeuza kaseti.

Upande B kesho, umeme ukiwepo.