Kate aliyekesha na mgonjwa

Mwanzo wa hadithi hii ya kale ya Uskoti ni wa mama wa kambo, na huo kila mtu anaujua. Mfalme ana binti, Anne. Malkia anayemwoa anakuja na binti yake mwenyewe, Kate. Anne ni mzuri kumpita Kate, na malkia halali kwa wivu. Ninachokipenda ni kwamba wivu ule haukumwambukiza mwanawe. Kate na Anne walipendana kama waliotoka tumbo moja.

Malkia akaenda kwa mwanamke mmoja mfuga kuku, mjuzi wa uchawi, akaambiwa amlete yule binti asubuhi kabla hajala kitu. Mara ya kwanza Anne alitafuna kipande cha mkate kabla ya kutoka, uchawi ukagoma. Mara ya pili wakulima njiani walimpa njegere, akala, ukagoma tena. Mara ya tatu malkia alimpeleka mwenyewe. Anne akafunua chungu cha yule mwanamke, kichwa chake kikaruka, mahali pake pakakaa kichwa cha kondoo.

Kate hakupoteza muda kugombana na mama yake. Alichukua kitambaa laini cha kitani, akamfunika dada yake kichwa, akamshika mkono, wakaondoka.

Walifika kwenye ngome ya mfalme mwenye wana wawili wa kiume. Mmoja alikuwa mahututi, na kila aliyekesha naye alitoweka asionekane tena. Ujira ulikuwa pishi nzima ya fedha. Kate akasema atakesha yeye.

Mimi nahudumia wazee hapa Aberdeen, na zamu zangu nyingi ni za usiku, kwa hiyo sehemu hii inanigusa kuliko zote. Usiku wa manane wapo wazee wangu wanaoshuka kitandani na kuanza kutafuta viatu, wanasema wanachelewa kazini. Ukimzuia mtu kwa nguvu, anaogopa na kupigana. Unamvika sweta, unatembea naye ukumbini, unamsikiliza, na polepole unajua anakokwenda.

Ndivyo alivyofanya Kate. Saa sita ya usiku mgonjwa aliinuka, akavaa, akashuka kwenye banda la farasi, akatandika, akamwita mbwa wake. Kate hakupiga kelele. Alirukia nyuma yake juu ya farasi. Wakipita msituni alichuma njugu za mwituni, akajaza aproni yake. Kisha kikatokea kilima cha kijani, na mwanamfalme akasema: "Funguka, funguka, kilima cha kijani, mwanamfalme aingie na farasi wake na mbwa wake." Kate akaongeza: "Na bibie nyuma yake."

Hadithi hii inatoka visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti; mwandishi Andrew Lang aliichapisha mwaka 1889. Miti huko ni ya kutafuta kwa tochi, lakini vilima vya namna hiyo vipo. Nimeingia Maeshowe, kaburi la miaka kama 5,000. Kwa nje ni tuta la majani tu. Unaingia umeinama, kwenye ujia wa mawe wa mita kama 10, halafu unasimama wima ndani ya chumba. Saga ya huko, yaani masimulizi ya kale, inasimulia kwamba katika karne ya 12 watu wa Jarli Harald, mtawala wa visiwa hivyo, walijihifadhi humo wakati wa tufani ya theluji, na wawili wakapata wazimu. Sishangai kwamba watu walioishi kando ya matuta kama hayo waliamini ndani mna wenyewe.

Ndani ya kilima cha Kate walikuwamo vichimbakazi, viumbe wa kichawi. Walicheza ngoma na mwanamfalme mpaka akaanguka, wakampepea, akainuka, wakacheza tena, hadi jogoo alipowika. Kate alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, akitazama. Asubuhi watu walimkuta kando ya moto akibangua njugu zake.

Usiku wa pili, kwa pishi ya dhahabu, alimwona mtoto wa vichimbakazi akichezea kifimbo. Akasikia mmoja wao akisema mapigo matatu ya kifimbo kile yangemrudishia Anne uzuri wake. Kate akavingirisha njugu moja, kisha nyingine, mpaka mtoto akazifuata na kukiangusha. Alipofika nyumbani akampiga dada yake mara tatu, sura yake ikarudi.

Usiku wa tatu alidai kuolewa na mgonjwa mwenyewe. Mtoto alikuwa na ndege mdogo. Matonge matatu ya nyama yake yangemponya mwanamfalme. Njugu zikavingirika tena. Alfajiri Kate akamnyonyoa ndege, akampika. Harufu ikamfikia mgonjwa. Tonge la kwanza, akainukia kiwiko. La pili, akaketi. La tatu, akavaa na kwenda kukaa motoni, na watu walipoingia waliwakuta wawili hao wakibangua njugu pamoja.

Ndugu wa yule mwanamfalme akamwoa Anne. Malkia hatajwi tena, wala yule mfuga kuku, na kwangu mimi hilo ni sawa kabisa: hadithi ilikuwa ya Kate tangu aliposhika mkono wa dada yake.