Kijivu chenye ukahawia ukutani: mwanga, chumvi na kiasi cha rangi

Kijivu chenye ukahawia kina hatari moja kubwa: mgeni anaweza kuingia akadhani ukuta bado uko kwenye lipu. Rangi yenyewe iko karibu mno na saruji kavu. Kinachoitofautisha ni ukingo safi na taa inayofaa, kwa hiyo dari, fremu na sketingi (ukanda wa chini ya ukuta) zipakwe nyeupe yenye rangi ya krimu kidogo. Nyeupe kali inaukata ukuta vibaya.

Taa ndiyo huharibu kazi nyingi. Balbu nyingi madukani zina mwanga mweupe mkali, na kwenye boksi zimeandikwa 6500K. Ukiwasha hizo, ukahawia unapotea na chumba kinabaki na sura ya stoo. Tafuta za 2700K au 3000K, zenye mwanga wa manjano. Kabla ya kununua rangi yote, paka kipande cha futi 2 kwa 2 kwenye kuta mbili tofauti, mikono miwili (yaani upake mara mbili), ukikague asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwaka. Karatasi ya sampuli ya dukani haitoshi.

Kwa nyumba za karibu na bahari, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini, adui ni chumvi. Chumvi ya mchanga wa ufukweni au ya maji ya chumvi yaliyochanganyiwa saruji huja kutokeza ukutani kama unga mweupe. Kwenye ukuta mweupe hauonekani sana, lakini kwenye rangi hii kila doa linaonekana. Usiuoshe, maana maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Usugue kwa brashi kavu, subiri wiki 2, kisha utazame tena. Ukirudi, unyevu unaingia mahali fulani, na hakuna rangi itakayouzuia mpaka chanzo kizibwe. Lipu mpya nayo iachwe walau wiki 4: saruji changa hula rangi na kuacha mabaka mepesi. Baada ya hapo piga praima (rangi ya msingi) inayostahimili ukali wa saruji.

Kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa zisizibwe kwa rangi ya mafuta. Zinahitaji kupumua, na chokaa iliyotiwa oksaidi (unga wa rangi) ya kahawia na nyeusi kidogo huzipendeza zaidi.

Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, kimo mita 2.8, kina ukuta wa mita za mraba 39. Ukitoa mlango na madirisha mawili inabaki kama 34. Lita 1 hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inataka karibu lita 7: nunua makopo mawili ya lita 4 siku moja, uyachanganye kwenye ndoo moja, kwani makopo yaliyotengenezwa siku tofauti huweza kupishana.

Chagua rangi ya maji isiyong'aa. Silki, yaani yenye mng'ao kidogo, husafishika kirahisi, ila huonyesha kila wimbi la lipu. Kazi ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Upepo wa kusi ukivuma, funga dirisha la upande wake wakati rola inapita. Ukingo ukikauka mapema, michirizi ya maungio itabaki. Maliza ukuta mzima bila kupumzika, na mkono wa pili usubiri saa 4 au zaidi.

Vinyago vya mpingo humezwa na ukuta huu, viwekwe kwenye rafu nyeupe. Mninga na mikeka ya ukili hukaa vizuri mno.

Bakiza nusu lita. Doa likitokea, usipake kiraka. Paka ukuta huo kutoka kona hadi kona.