"Baba" na "dada"

Jana mdogo wangu kanitumia picha ya paneli ya umeme aliyoifunga kwenye ghorofa moja Kariakoo. Nyaya zimelala utadhani zimechanwa kwa kitana. Nimeiangalia ndani ya daladala mpaka Mbagala, natabasamu peke yangu, konda ananishangaa.

Huyu ndiye aliyekuwa akiona "baba" anasoma "dada". Darasa la tatu, shule ya kwanza, alichapwa kwa hilo, akasimamishwa mbele wenzake wacheke. Mama akaambiwa mwanao mzito. Mzito! Mtoto aliyekuwa anafungua redio ya babu na kuirudishia mpaka ikaimba.

Tulipohamia Temeke akampata mwalimu mmoja, mama mpole ila hana mchezo. Alikata kipande cha manila, akatoboa kidirisha cha upana wa mstari mmoja. Mtoto anakisogeza taratibu, mistari mingine yote imefichwa. Herufi b na d walizichora kwa kidole kwenye mchanga, kila siku, wiki nzima nzima. Majaribio ya darasani alimwacha ajibu kwa mdomo. Ndiye aliyetutajia disleksia: ubongo unapata shida kuunganisha sauti na herufi, akili yenyewe haina kasoro.

Baadaye akaingia VETA Chang'ombe, akasomea umeme. Mpaka leo meseji zake nazisoma mara mbili. Ya jana ilisema: "Kaka, mwambie dada nimemaliza kazi."

Hatuna dada. Nikampigia baba.