Gari mpya inakunywa oili: miezi 7 ya kuwafuata wakala mpaka wakaifungua injini kwa waranti

Taa ya oili iliniwakia mara ya kwanza tukitoka Morogoro, tumeshaipita Chalinze, karibu na Mlandizi kwenye kona, ikawaka sekunde moja ikazima. Nikadhani nimeona vibaya. Kona iliyofuata ikawaka tena, mume wangu akasema paki pembeni sasa hivi na uzime. Tukasubiri kama dakika kumi akachomoa stiki ya oili, kavu. Yani sio kwamba iko chini ya alama, ni kavu, pale kwenye ncha tu ndo pana unyevunyevu. Gari ina miaka miwili na miezi miwili, kilomita 41,000, nimeinunua mpya kabisa kwa wakala hapahapa Dar kwa mkopo wa kazini ambao mpaka leo nakatwa, na tangu servisi ya mwisho hazijapita hata kilomita 3,000. Bodaboda akatuletea oili kutoka sheli, ikaingia karibu lita 3 ndo ikafika alama ya juu. Injini yenyewe inabeba lita 4.2. Kwahiyo tulikuwa tunatembea na lita moja na kitu kwenye barabara ya malori, watoto wamelala nyuma.

Hapo niseme jambo ambalo mimi nilikuwa silijui na naona wengi hatulijui, ile taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili sio ya kukwambia oili imepungua, ni ya presha. Ikiwaka maana yake pampu imeshaanza kuvuta hewa, na kwenye kona oili inakimbilia upande mmoja wa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ndo maana yangu iliwaka kwenye kona. Ukisubiri taa umeshachelewa. Kinachokwambia oili iko kiasi gani ni stiki tu, na mimi stiki nilikuwa siigusi, nilikuwa najua gari mpya inaguswa na fundi wa wakala kila kilomita 10,000 basi.

Jumatatu asubuhi nikawa kwa wakala. Kampuni sitaitaja, tumemalizana na sitaki kurudi huko. Kijana wa mapokezi akaniandikia kadi, gari ikanyanyuliwa, wakaangalia chini, hakuna sehemu inavuja. Akarudi akaniambia, "Dada, ni kawaida, gari zote zinakula oili kidogo." Akanifungulia kitabu cha gari ukurasa ambao sijawahi kuusoma, umeandikwa kwamba injini inaweza kutumia hadi lita 1 kwa kila kilomita 1,000. Nikatoka pale nimejiona mjinga, na nusu nimemwamini.

Aliyenitoa usingizini ni mjomba wangu. Huyu ameendesha malori miaka mingi, Tunduma, Lubumbashi, huko kote, sasa ana Canter yake ya mchanga. Nilipomweleza hakubishana na kitabu, aliuliza swali moja tu, servisi yako ni kila kilomita ngapi? Nikamwambia elfu kumi. Akasema haya mwanangu piga hesabu, lita 1 kila elfu, mpaka servisi utakuwa umeongeza lita 10 kwenye injini ya lita 4.2, sasa hiyo si injini inakunywa sampo nzima mara mbili na zaidi kabla hujarudi kwao? Hiyo ya kwenye kitabu, akasema, ni mpaka wa mwisho kabisa, sio afya. Injini mpya ikiwa nzima unatoka servisi mpaka servisi stiki imeshuka kidogo tu.

Ile hesabu ya mjomba ndo iliyokuja kufanya kazi baadaye, nitafika huko.

Akaniambia kitu kingine, usiende tena kusema "inakula oili". Kila mtu anasema hivyo. Nenda na namba. Basi nikaanza kupima. Kila Jumapili asubuhi kabla ya kuwasha, gari iko palepale kwenye zege ambapo pamenyooka (hii ni muhimu sana, ikiinama kidogo tu stiki inadanganya), nachomoa, nafuta, narudisha, nachomoa tena, napiga picha stiki na picha ya kilomita kwenye dashibodi. Naongeza kwa chupa yenye alama za mililita mpaka alama ya juu, sio zaidi, naandika kwenye daftari. Mi natoka Mbweni kwenda Posta na kurudi, na mizunguko ya wikiendi, mwezi unakula kilomita 1,500 hivi, kwahiyo data haikuchelewa kupatikana. Elfu ya kwanza lita 0.9. Ya pili 1.1. Ya tatu 1.2. Oili niliyokuwa naongeza ni ileile 5W-30 wanayoweka wao, nanunua kwao, na risiti ya EFD nabana kwenye daftari. Galoni la lita 4 lilikuwa elfu tisini na kitu, sio hela ndogo kwa mtu anayekatwa mkopo.

Risiti ziliniokoa maana niliporudi na namba hoja ya kwanza ilikuwa "labda umeweka oili feki". Na kwakweli Dar oili feki ipo, sio hoja ya kipuuzi. Lakini servisi zote nne nimefanya kwao na nyongeza zote nimenunua kaunta yao, nikawawekea mezani.

Wakakubali kufanya kipimo chao. Wakamwaga oili yote wakaweka mpya na filta mpya, wakajaza mpaka alama, wakafunga mfuniko wa oili na stiki kwa waya wa sili, nati ya sampo wakaipaka rangi ili nisiweze kuigusa, nikaambiwa tembea kilomita 1,000 urudi. Mi niliwaomba niipitishe pale kila kilomita 500 waangalie kwasababu sikuwa na imani tena, wakakubali. Mwisho wa kipimo, lita 1.15. Kwa mkono wao, kwa sili yao. Nikajua nimeshinda.

Sikuwa nimeshinda. Wiki iliyofuata wakapima kompresheni, yani mgandamizo ndani ya silinda, silinda zote nne ziko vizuri, zinafanana. Fundi mkuu akaniambia kompresheni nzuri maana yake ringi nzima, kwahiyo hakuna kilichoharibika, endelea kuongeza oili na uangalie. Na moshi pia hakuna, akasema, gari inayochoma oili inatoa moshi wa bluu.

Nilirudi nyumbani nalia, sioni aibu kusema.

Sasa hapa ndo nataka kwenda taratibu, kwasababu nadhani watu wengi wanakwamia hapa. Nilienda kwa fundi mmoja Mwenge anayefungua injini kila siku, sikumpa gari aiguse maana ningeharibu waranti, nilienda na swali tu. Akachukua pistoni kuukuu akaniwekea mkononi. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndo zinazuia mgandamizo usishuke chini, hizo ndo zinazopimwa na kipimo cha kompresheni. Ya tatu, ya chini, ni ya oili, kazi yake kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha kwenye sampo kupitia vitundu vidogo vilivyo nyuma yake kwenye pistoni. Ile ringi ikiganda kwa masizi, au vitundu vikiziba, oili inabaki ukutani inaungua na mafuta, na kompresheni inaweza kusoma vizuri kabisa kama hakuna kitu. Kile kipimo hakikuwa kinauliza swali langu. Kuhusu moshi akasema gari za siku hizi zina katalitiki kwenye ekzozi, inamalizia kuunguza mabaki, unaweza ukapoteza lita nzima na jirani asione moshi. Na kama ingekuwa ni sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isipite kwenye valvu, asubuhi ukiwasha baada ya kulala ungeona wingu la bluu dakika ya kwanza, halafu linaisha. Mimi sijawahi kuliona.

Usiku huo nikakaa mtandaoni mpaka saa nane. Kumbe hili sio jambo geni duniani. Marekani, Toyota walifika mahali wakatoa programu ya kubadilisha pistoni na ringi bure kwa baadhi ya gari zenye injini ya 2AZ-FE, ile ya 2.4, na kipimo chao kilikuwa kwati moja kwa maili 1,200, yani karibu lita 1 kwa kilomita 1,900. Subaru nao walifunguliwa kesi hukohuko mwaka 2014 kuhusu oili, na yakaisha kwa makubaliano ya kurefusha waranti kwa wamiliki. Yangu sio Toyota wala Subaru, lakini nilipata nguvu kuona kwamba kampuni, sheria na mawakili huko wamekubali kitu ambacho mimi naambiwa ni kawaida. Na nikawaza, hiyo 2AZ-FE si ndo iko kwenye Harrier, Vanguard na Alphard zilizojaa hapa mjini? Zimekuja za mtumba kutoka Japani, hazina waranti, mwenye gari yakimkuta ni yake mwenyewe, anaambiwa nunua injini nyingine au fanya ovahoo. Inaniuma hiyo. Mimi angalau nilikuwa na mlango wa kugonga.

Nikaandika barua. Kurasa mbili, moja kwa wakala na nakala kwa barua pepe ya huduma kwa wateja ya kiwanda chenyewe nje ya nchi, anwani iko nyuma ya kitabu cha waranti. Sikuweka matusi wala historia ndefu. Niliweka namba ya chasisi, tarehe ya kununua, jedwali la vipimo vyangu, matokeo ya kipimo chao cha sili, ile hesabu ya mjomba ya lita 10 kwenye sampo ya 4.2, na aya moja kuhusu ringi ya oili na kwanini kompresheni haijibu. Nikaomba waingize kamera kwenye matundu ya plagi waangalie vichwa vya pistoni. Mwisho nikaandika kwamba waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000, tatizo nimeliripoti nikiwa na 41,000, nakala ya kadi ya siku ile ninayo, kwahiyo hata muda ukiisha tukiwa bado tunaongea lalamiko limeingia ndani ya muda. Na nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 nalipeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambao kumlinda mlaji ni kazi yao kisheria. Barua ya wakala nikaipeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu.

Siku ya 11 nikapigiwa simu. Sauti ikawa nyingine kabisa, "mama, tunaomba ulete gari." Kamera ikaingia, silinda namba 2 na 3 vichwa vya pistoni vimelowa, masizi meusi mazito pembeni. Picha zikatumwa kiwandani. Jibu la kwanza likaja nusunusu, kiwanda kitatoa vipuri, mimi nilipie ufundi. Ilikuwa inashawishi, nimechoka, mume wangu alisema tulipe yaishe. Nikakataa kwa maandishi, mstari mmoja, kwamba waranti yangu haijagawanywa vipuri na ufundi. Wiki mbili kimya, nikadhani nimeharibu. Halafu wakakubali yote.

Vipuri vilikaa wiki tano njiani, gari ikakaa kwao siku 19, nikarudi kwenye daladala za Bunju na nimeamka saa kumi na nusu kila siku. Nikaomba niwepo siku wanafungua, wakaniruhusu. Ringi za oili kwenye pistoni mbili hazichezi kabisa, ukiibonyeza kwa kidole haitikisiki, vitundu vimejaa masizi kama tundu la jiko la mkaa. Pistoni mpya zilikuwa na namba ya kipuri tofauti na za zamani, herufi ya mwisho imebadilika, na vitundu vya kurudisha oili vimeongezwa. Fundi mkuu ndo aliyenionyesha mwenyewe, hakusema kitu kingine, na mimi sikusema. Nikaomba tu waweke plagi mpya nne na waandike kwenye kadi kwamba katalitiki imekaguliwa, kwasababu oili iliyoungua miezi yote ile imepitia hapo, na ikifa mwakani sitaki tuanze upya.

Nimeshatembea kilomita 3,400 tangu nimeichukua. Jumapili bado nachomoa stiki, daftari bado naandika, na mstari wa oili uko palepale chini kidogo ya alama ya juu, upana wa uzi. Galoni la akiba lililobaki kwenye buti nimempelekea mjomba kwenye Canter.