Nilivyoivua Hilux yangu waya zote nikaivalisha za gari jipya zaidi

Hilux yangu ni modeli ya LN106 ya 1992, mashine inaitwa 3L, dizeli ya kizamani isiyo na kontrolo boksi (kompyuta ya mashine) wala nini. Niliinunua ikiwa imeshapita mikono minne mitano. Chesisi nzima, bodi haina kutu ya maana, mashine hailambi oili, lakini waya sasa! Kila fundi umeme aliyewahi kuigusa alikata pale akaunga huku akazungushia selotepu akachukua hela yake akaondoka. Ukiwasha indiketa ya kulia redio inazima, ukipiga honi sindano ya joto inapanda. Nilizoea, nikawa nacheka tu.

Kicheko kiliishia Kitonga. Nimepakia matenga ya nyanya kutoka Ilula, saa tatu usiku, naushuka mlima taratibu, taa zikafifia, zikarudi, halafu moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi na taa zote zikakata pamoja, nyuma yangu semi inapiga honi na mbele kona. Niliibana gari pembeni kwa kubahatisha tu, utingo akaruka akafungua boneti akachomoa betri. Asubuhi ndo tukaona: ile fyuzi kubwa ya waya inayokaa kwenye chanya ya betri ilishaungua zamani, mtu akaweka waya wa kawaida mahali pake. Yaani gari zima halikuwa na kitu cha kukata moto shoti ikitokea.

Nilisema siungi tena hata waya mmoja. Wayaringi, yaani fungu zima la waya za gari, ya LN106 nilitafuta, zile zinazopatikana zina umri uleule wa ya kwangu, plastiki ukiikunja inakatika kama tambi mbichi. Rafiki yangu fundi ndo akanishauri nichukue ya Hilux iliyofuata, ile sura iliyoanza 1997, nihakikishe tu imetoka kwenye dizeli ya pampu ya kawaida. Akili yake ilikuwa hii: mashine kama zetu hazihitaji mambo mengi, pampu inataka umeme wa ile solenoidi ya kufungulia mafuta, kuna plagi za kupashia moto, stata, altaneta, swichi ya oili na ya joto, basi, kwa hiyo kuhamisha kunawezekana.

Nikashuka Dar, Ilala, nikapata ya gari lililokatwa. Muuzaji alishashika pulaizi anataka kukata soketi ili amalize haraka. Nikamwambia usikate hata moja, nataka dume na jike, na boksi la fyuzi na relei zake zote, zile swichi ndogo zinazowashwa na umeme. Akaniambia, "Kaka, nikichomoa taratibu utakaa hapa mpaka jioni." Nikakaa. Laki tatu na ishirini, na naapa zile soketi ndo zilikuwa na thamani kuliko waya wenyewe.

Kazi nimeifanya mwenyewe nyuma ya nyumba, jioni tisa, rafiki yangu anakuja akitoka gereji. Kabla ya kuchomoa chochote nilipiga picha kila kona, kila soketi nikaibandika karatasi ya gundi yenye jina. Halafu nikatoa dashibodi nzima, nikavuta ile ya zamani nikailaza kwenye mkeka, ya mpya pembeni yake, nikaanza kufuata tawi kwa tawi. Viungio vya selotepu kwenye ya zamani nilihesabu mpaka 41 nikaacha.

Kilichonisaidia ni kwamba Toyota hawabadilishi rangi ovyo. Nyeupe yenye mstari mweusi ni hasi, kwangu iko hivyo na kwenye mpya iko hivyo. Ila mchoro wa waya, ambao rangi wameziandika kwa herufi, ulinipotezea jioni nzima kwa sababu herufi L nilidhani ni kijani mwanga sijui nini, kumbe L ni bluu, B wameshaipa nyeusi. Jioni nzima!

Tawi la mbele lilikaa bila shida, lilikuwa refu kidogo nikalikunja nyuma ya taa. La mashine nikalirefusha upande wa altaneta kwa solda na mpira wa kubana kwa moto, sio kusokota. Kasheshe ilikuwa geji. Dashibodi ya gari mpya inasoma spidi kwa umeme na giaboksi yangu inazungusha kebo, kwa hiyo geji zangu za zamani lazima zibaki, na soketi zake haziingiliani na za mpya hata kidogo. Hapo nilitengeneza daraja: soketi za zamani nilizikata na waya wa sentimita 15, mwisho mwingine nikaweka zile dume za gari mpya, pini kwa pini, naipima kila moja na mita kabla ya kuunga nyingine. Siku tatu hapo tu. Ila leo nikitaka kutoa geji nachomoa tu, sikati kitu.

Siku ya kuwasha sikurudisha fyuzi moja kwa moja. Kila nafasi ya fyuzi nilianza kuweka balbu ya breki yenye waya mbili, kama kuna shoti balbu inawaka kwa nguvu na hakuna kinachoungua. Iliwaka sehemu moja, ya taa za nyuma, waya ulibanwa na bolti ya bodi.

Nikapiga stata. Inazungusha vizuri, haiwaki. Nazungusha, nazungusha, haiwaki, nikiachia funguo inashtuka kidogo kama inataka kuwaka halafu inakufa. Nilihisi pampu imeingia hewa, nikafungua nati za nozeli bure. Rafiki yangu akacheka akasema, "Hebu pima umeme wa solenoidi wakati mimi nazungusha." Sifuri. Nilikuwa nimeuchukua kwenye waya wa redio, na ule swichi ya funguo inaukata kila unapopiga stata. Nikahamishia kwenye waya wa ignisheni, ikawaka nusu mzunguko.

Taa nazo zilinichanganya. Kwenye balbu napata chanya muda wote, taa zimezimwa bado napata chanya, nikaanza kulaumu relei. Kumbe swichi ya taa za mbele kwenye hizi gari inakata upande wa hasi, ndo maana. Baada ya hapo nikakwangua sehemu zote za hasi kwenye bodi kwa msasa mpaka chuma king'ae. Zamani nikiwasha taa full mashine ikiwaka nilikuwa napima volti 11 na ushee kwenye balbu, sasa 13.2, balbu zilezile.

Taa ya rivasi bado haijawaka, swichi ya giaboksi ina soketi tofauti na sijapata dume lake. Utingo anashuka na tochi anapiga bodi, "rudi, rudi, rudi", kama kawaida.