Nilivyojifunza kuhesabu miaka ya wazee wa Nachingwea

Nilipoanza utafiti wa afya ya wazee wilayani Nachingwea, mkoani Lindi, mwaka 2009, nilidhani kazi ngumu ingekuwa kupima shinikizo la damu, kumbe swali lililonisumbua kuliko yote lilikuwa la kwanza kwenye dodoso: umri.

Bibi mmoja alinionyesha kadi ya mpiga kura iliyosema kwamba amezaliwa mwaka 1954. Kwa hesabu hiyo hakuwa mzee, kwa sababu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilianzia miaka 60, na msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo ulifuata umri huo. Niliweka dodoso kando, nikamwomba anisimulie habari za reli iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wa karanga, yaani mradi wao wa kulima karanga katika mashamba makubwa. “Mwanangu,” alisema, “garimoshi lilikuwa likipita hapa nikiwa mwali, na mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mwaka wa Uhuru.” Aliyezaa mwaka 1961 hawezi kuwa amezaliwa mwaka 1954.

Tangu siku hiyo nilikaa na wazee wenyewe tukapanga kalenda ya matukio yao: kufa kwa mpango wa karanga mwaka 1951, Uhuru, kuja kwa wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, Azimio la Arusha, kuhamia vijiji vya ujamaa. Sikuuliza tena mwaka. Niliuliza kama wakati huo mtu alikuwa ameshatoka unyagoni au jandoni, ameoa au ameolewa, kisha nikathibitisha kwa wenzake wa rika moja.

Kipimo cha kumbukumbu nacho kilinifundisha. Tulikuwa tukiwataka wazee wachore saa, na wengi ambao hawakuwahi kushika kalamu wakaonekana kama wamepoteza akili, jambo ambalo hadi leo linaniuma. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kinachomtaka mzee apange njiti za kiberiti na kutaja wanyama anaowajua kwa dakika moja, na hicho ndicho kinachowafaa watu wetu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuzeeka kwa afya ni kudumisha uwezo wa mtu wa kufanya anayoyathamini, wala si kukosa maradhi tu. Wazo hilo nilikuwa nimelikuta uani kwa yule bibi, ambaye magoti yalimuuma lakini alichota maji mwenyewe. Ili kupima nguvu za miguu, tulibeba kiti kimoja nyumba hadi nyumba, kwa kuwa urefu wa kiti hubadilisha matokeo na nyumba nyingi zilikuwa na mikeka na vigoda tu; mzee alikunja mikono kifuani, akainuka na kukaa mara tano, nami nikahesabu sekunde. Wengi walioshindwa kwenye kiti waliniambia kwamba walikuwa wameacha kwenda shamba miezi mingi kabla ya kufika zahanati.